Msumeno wa Rediali Kwenye Karakana ya Nyumbani: Utakufaa, au Utakula Pesa Zako Bure?

Tangazo limeingia kwenye simu yako jioni. Picha ni ya mashine kubwa ya mbao: mguu wa chuma, mkono mrefu umenyooka juu ya meza, mota na msumeno wa duara vinaning'inia chini yake. Maneno ni machache: "Ex-UK, iko fiti, bei inaongeleka." Ukiwa fundi mwenye karakana ndogo nyuma ya nyumba, iwe Kaloleni au Mabomani pale Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, lazima roho iruke kidogo. Unajiona tayari unakata fremu za milango kumi kwa asubuhi moja.

Polepole kwanza. Hii si pesa ya kununua randa. Kwa mafundi wengi, mashine kama hii ni akiba ya mwaka mzima, ama ni zamu yako ya chama, ama ni mkopo. Halafu ni mashine ambayo ikikosewa haikwaruzi tu, inaondoka na kidole. Kwa hivyo kabla hujabonyeza "tuma", tukae chini tupige hesabu: ya kazi, ya stima, ya nafasi na ya shilingi.

Ni mashine ya aina gani hasa?

Mwaka wa 1922, Mmarekani Raymond DeWalt, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao huko Bridgeton, New Jersey, alitafuta njia ya kuongeza kazi kwa wafanyakazi wachache. Badala ya kusukuma mbao kwenye msumeno, aliufunga msumeno kwenye mkono wa chuma ili uletwe kwenye mbao. Miaka miwili baadaye alifungua kampuni yake Pennsylvania, na jina lake bado liko kwenye vifaa vingi vya umeme vinavyouzwa madukani kwetu.

Namna ya kuutumia ndiyo hii. Unalaza mbao mezani, unaibana kwenye ukingo wa nyuma, unawasha, kisha unakivuta kichwa chenye mota kuja upande wako. Msumeno unapita juu ya mbao na kuikata. Ukimaliza unakirudisha kichwa nyuma. Mkono unaweza kuzungushwa kushoto au kulia ukate pembe, kichwa kinaweza kulazwa, na kina cha mkato unakipandisha na kukishusha kwa mpini.

Miaka mingi mashine hii ilikuwa kwenye gereji za nyumbani Marekani. Baadaye ikaja misumeno midogo ya kukata pembe, ile mafundi wanaita maita, nayo rediali ikaanza kuuzwa kwa mtumba. Ndiyo sababu unayoiona sokoni leo huwa imetumika sana, na mara nyingi umri wake unaushinda ule wa fundi anayetaka kuinunua.

Kazi inayoifanya vizuri

Kukata mbao kwa upana, hapo inatamba. Mbao ya futi 12 inalala kimya mezani na msumeno ndio unaotembea. Ukifunga kizuizi kwenye ukingo, vipande hamsini vitatoka na urefu mmoja bila kupima kila mara. Kwa anayetengeneza vitanda, viti vya shule au makreti, huo ni msaada mkubwa.

Kazi ya pili ni mifereji na maungio ya nusu kwa nusu. Kwa sababu unaona msumeno ukiwa juu ya mbao, unaweza kushusha kina hadi nusu na kuchonga mahali pa kuingiza rafu, ngazi au ungio la fremu. Maita nyingi za bei ya chini haziwezi kazi hiyo.

Tatu, mashine inakaa ukutani. Huhitaji kuizunguka.

Kazi inayoifanya vibaya, na hatari yake

Sasa tuseme ukweli. Ukikivuta kichwa, meno ya msumeno yanazunguka kuelekea kwako. Yanataka kuipanda mbao na kukimbia yenyewe. Mikono isipokuwa imara, au bledi ikiwa na meno makali yanayoinama mbele, kichwa kinakurukia. Ndiyo maana mashine hii inataka bledi yake maalum: meno yasimame wima au yaegemee nyuma kidogo, kati ya digrii 0 na 5 kwenda nyuma. Bledi ya kawaida ya kupasulia mbao usiifunge hapa, hata kama inatosha kwenye shimo.

Kupasua mbao kwa urefu kunawezekana kwa kugeuza kichwa digrii 90, lakini hapo ndipo hatari ilipo kubwa zaidi. Mbao ikiingizwa upande usiofaa, msumeno unaivuta na kuirusha kama mkuki, na mkono unaosukuma unaweza kufuata. Kama shida yako kubwa ni kupasua, hii siyo mashine yako. Tafuta msumeno wa meza, au endelea kupasuliwa pale unaponunulia mbao.

Hata huko zilikotoka, hatari hii ilitambuliwa rasmi. Mwaka wa 2000, kampuni ya Emerson pamoja na tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa walitangaza kurekebishwa kwa misumeno ya rediali ya Craftsman ipatayo milioni 3.7, iliyouzwa na Sears kuanzia 1958 hadi 1992. Kasoro ilikuwa kwamba kinga yake haikufunika bledi yote. Kwa hivyo ukikuta mashine ya zamani yenye kinga ya juu tu na meno yako wazi chini, usidhani kuna kitu kilichopotea njiani. Huenda ilitoka kiwandani hivyo.

Na kumbuka sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe. Ukiajiri kijana hata mmoja, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya 2007, inakufanya uwajibike akiumia. Kusema "alikuwa anajifunza tu" hakutakuokoa.

Swali la stima

Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa, kwa sababu mashine inaweza kuwa nzima kabisa na bado isiwake kwako. Soma kibati cha mota kabla ya kuuliza bei.

- Kimeandikwa fezi tatu? Mashine kubwa zilizotoka viwandani huwa hivyo. Nyumba nyingi zina fezi moja. Kubadilisha mota au kuvuta laini mpya kunaweza kukugharimu kuliko mashine yenyewe.
- Kimeandikwa volti 110, na plagi ni ya njano? Hiyo ilikuwa ya mjengo Uingereza. Bila transfoma kubwa ya kutosha, ukiichomeka kwenye volti 240 utaiunguza.
- Imetoka Marekani? Huko umeme ni volti 120 na hezi 60. Baadhi ya mota zinaweza kuunganishwa kwa volti 240, lakini kwa hezi 50 za Kenya mota itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita: ile ya mizunguko 3,450 kwa dakika itashuka hadi karibu 2,875. Inakata, ila usiilazimishe.
- Ni volti 230 au 240, hezi 50, fezi moja? Hapo mnaweza kuongea.

Mota ya wati 1,500 ikiwaka inavuta umeme mwingi kwa sekunde chache kuliko ikiwa imeshachanganya. Ukitumia ekstenshoni nyembamba ya mita 30 kutoka sebuleni, mota itanguruma, itachelewa kuchanganya na itapata moto. Mwite fundi wa stima aliyesajiliwa akuvutie waya wake peke yake kutoka kwenye boksi, wenye ukubwa unaofaa na swichi ya kuzimia iliyo karibu na mkono.

Kuhusu tokeni, usiogope sana. Mota hiyo ikikata kwa jumla ya nusu saa kwa siku, inakula yuniti 0.75. Kwa siku sita ni yuniti 4.5. Ukihesabu yuniti moja kwa shilingi 30, ni shilingi 135 kwa wiki.

Chumba cha kumi kwa kumi

Karakana nyingi za nyumbani ni chumba cha futi 10 kwa 10, ama kibanda cha mabati chenye upana huohuo. Mbao ya futi 12 haiingii humo ikiwa imelala sambamba na ukuta. Ukitaka kuikata katikati unahitaji futi 6 kila upande. Ukitaka kuikata mwishoni, unahitaji karibu futi 12 upande mmoja. Kwa hivyo mashine ikae mahali ambapo mbao inaweza kutokea mlangoni au dirishani, ama ikae barazani chini ya paa.

Ukiiweka barazani, fikiria mambo mawili. Voi kuna vumbi jekundu, nalo likiingia kwenye reli ambamo kichwa kinateleza, kichwa kitaanza kukwama na kuruka. Ukiwa juu kule Wundanyi au Mgange, shida ni ukungu na kutu. Pande zote mbili, mashine inahitaji kufunikwa na kupanguswa kila siku.

Halafu kuna watoto. Karakana ya nyumbani iko nyumbani. Msumeno huendelea kuzunguka kwa muda baada ya kuzimwa, na mtoto haelewi hilo. Kama huwezi kufunga mlango kwa kufuli na kuchomoa plagi kila unapoondoka, mashine hii usiilete uani.

Tupige hesabu ya shilingi

Namba hizi ni za mfano, weka zako. Tuseme muuzaji wa Mombasa anataka 60,000. Ongeza:

- Usafiri hadi Voi: 3,500
- Bledi inayofaa: 4,500
- Fundi wa stima, waya na swichi: 6,000
- Meza mpya ya MDF na ukingo: 3,000
- Stendi za kubebea mbao ndefu: 3,000

Jumla ni 80,000. Tangazo lilisema 60,000.

Sasa upande wa faida. Tuseme kila wiki unalipa 1,200 kukatiwa mbao na kuzibeba kwenda na kurudi. Mashine ikichukua kazi hiyo yote, na matumizi yake yawe 200 kwa wiki (tokeni 135, na 65 za kunoa bledi na grisi), unaokoa 1,000. Gawanya 80,000 kwa 1,000: wiki 80, yaani mwaka mmoja na nusu na zaidi kidogo. Si mbaya.

Lakini hebu ifungue hiyo 1,200. Katika hiyo, 700 ni ya kupasua na kupiga randa, kazi ambayo tumesema mashine hii isifanye. Inabaki 500. Toa 200 za matumizi, unaokoa 300 kwa wiki. Gawanya tena 80,000 kwa 300: zaidi ya wiki 266. Hiyo ni miaka mitano na ushee, kabla hujapata faida ya hata shilingi moja.

Ukichukua msumeno wa duara wa mkononi pamoja na rula ya chuma ya kuuongoza na stendi mbili, tuseme kwa jumla ya 15,000, utafanya sehemu kubwa ya kukata kule kwa upana. Hata ukiokoa zile 300 tu kwa wiki, pesa yako inarudi kwa wiki 50. Tena unaweza kuubeba kwenye bodaboda hadi kwa mteja Taveta, jambo ambalo rediali haiwezi.

Usisahau pia kwamba bei ya mbao yenyewe hupanda na kushuka kuliko gharama ya kukata. Marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya serikali iliyowekwa Februari 2018 na kuondolewa kwa tangazo la Julai 2023 iliwafundisha mafundi somo hilo. Aliyekuwa amefungia pesa zake zote kwenye mashine alibaki na mashine bila mbao. Weka akiba ya kununulia mbao kwanza.

Basi inamfaa nani?

Inakufaa kama mambo haya yote ni kweli kwako: unakata vipande vingi vya urefu mmoja kila wiki, au kazi zako nyingi ni za maungio na mifereji, una ukuta wenye nafasi pande zote mbili, mota inalingana na stima yako, kinga zake ziko kamili, na kuna mtu aliyewahi kuitumia atakayesimama nawe siku za kwanza. Hilo la mwisho usilichukulie kirahisi. Ulizia vyuo vya ufundi vilivyo karibu, kwa mfano Coast Institute of Technology pale Voi, kama kuna mwalimu anayeijua.

Haikufai kama unaanza ufundi, kama unataka mashine moja ifanye kila kitu, kama unafanya kazi nyingi kwa wateja, au kama pesa yenyewe ni ya mkopo wa haraka.

Ukienda kuiangalia

Nenda mchana, nenda na mtu, beba mbao pana iliyonyooka na rula ya pembe.

1. Mashine ikiwa imezimwa, shika ncha ya mkono uisukume kushoto na kulia. Ukitikisika, mikato haitanyooka kamwe.
2. Kivute kichwa mwanzo hadi mwisho. Kiteleze bila kukwama, na ukikiachilia kisijongee mbele chenyewe.
3. Washa na kuzima mara tatu. Iache iwake dakika kumi. Sikiliza beringi, nusa kama kuna harufu ya kuungua.
4. Mwambie mwenyewe akate ile mbao. Geuza kipande kimoja juu chini, kisha viunganishe ukiwa umevilaza kwenye ukingo ulionyooka. Mwanya ukionekana, mkono hauko sawa. Mwombe aurekebishe mbele yako. Akishindwa, umepata jibu.

Na siku utakapoitumia: mkono usiofika inchi 6 karibu na njia ya bledi, mikono isipishane, mbao ibanwe kwenye ukingo, na kichwa kirudishwe nyuma kabisa kabla ya kugusa chochote mezani.

Pesa yako isitangulie mashine

Mazungumzo ya kawaida huwa hivi:

"Habari ndugu, ile mashine bado iko?"
"Iko mzee wangu, lakini kuna mtu anakuja kuichukua leo. Tuma elfu tano nikuwekee."
"Naomba nije niione kesho asubuhi."
"Kesho utakuta imeenda. Tuma tu hata elfu mbili, mzee."

Ukisikia hivyo, funga simu. Mashine iliyokaa stoo miaka haiwezi kuuzwa ndani ya dakika kumi. Anayeuza kweli atakuruhusu uje uione ikiwaka. Mambo ya kushika:

- Lipa ukiwa umeiona, umeijaribu, na ikiwa inapakiwa. Ikibidi kutoa deposit, iwe kidogo na mwandikiane: jina, namba ya kitambulisho, namba ya mashine kwenye kibati, na deposit inarudishwa lini.
- Kama ni duka, lipa kwa till au paybill ya duka. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukiambiwa "tuma kwa namba ya bibi yangu", uliza kwa nini.
- Usifute meseji ya malipo. Ndiyo risiti yako, na namba ya muamala ndiyo tutakayokuuliza ukihitaji msaada.
- Ukituma kwa namba isiyo yako uliyokusudia, anza kuomba kurudishiwa papo hapo, kabla pesa haijatolewa.
- PIN yako usimpe mtu. Si muuzaji, si dereva, si mtu anayesema anapiga kutoka kwetu.

Kuhusu mkopo: mashine inarudisha pesa kwa miezi au miaka, kwa hivyo usiilipie kwa mkopo wa siku. Mkopo wa binafsi wa Hustler Fund, kwa mfano, una riba nafuu ya asilimia 8 kwa mwaka, lakini unatakiwa kurudishwa ndani ya siku 14. Huo ni wa kununua mbao za oda ambayo mteja atalipa wiki ijayo. Kwa kifaa, tenga kidogo kidogo: shilingi 500 kila Jumamosi zinafika 15,000 kwa wiki 30.

Na wateja wako nao walipe kwenye till, hata deposit ya kitanda. Baada ya miezi sita utafungua taarifa yako ya malipo uone wazi ni kazi gani inaleta pesa: milango, vitanda au kabati. Ikionyesha kwamba nusu ya kazi zako ni vipande vya urefu mmoja, rudi kwenye hesabu ya hapo juu, ondoa namba zetu, weka zako. Namba hizo ndizo zikuambie kama utampigia muuzaji, siyo picha ya kwenye tangazo.